Jumuiya ya Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uanachama na mipaka

Maswali haya nimeyakusanya Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mengine yametoka kwa abiria wa Noah za Arusha, mengine kwa akina mama wa vitunguu na maharage ambao nimekuwa nikiwasaidia kujaza makaratasi, mengine kwa vijana wanaovuka kutafuta kazi. Nimeyaandika karibu vilevile yalivyoulizwa. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Jumuiya ina nchi ngapi sasa?

Nane. Waanzilishi ni Tanzania, Kenya na Uganda. Mkataba ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na marais Benjamin Mkapa, Daniel arap Moi na Yoweri Museveni, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi zikawa wanachama kamili tarehe 1 Julai 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024.

Watu hubishana sana kuhusu tarehe, na mara nyingi kila mmoja ana haki yake, kwa sababu kuingia kuna hatua tatu. Chukua Kongo. Wakuu wa nchi waliikubali tarehe 29 Machi 2022. Tarehe 8 Aprili ikasaini Mkataba mjini Nairobi. Tarehe 11 Julai ikakabidhi hati ya kuridhia kwa Katibu Mkuu, na hapo ndipo ilipohesabiwa kuwa mwanachama kamili. Ni kama posa: ikishakubaliwa watu hupiga vigelegele, lakini ndoa bado haijafungwa. Somalia nayo ilikubaliwa Novemba 2023, ikasaini Desemba, ikakamilisha tarehe 4 Machi 2024.

Si ndiyo ileile iliyovunjika?

Jina ni lilelile, Mkataba ni mwingine. Jumuiya ya kwanza iliundwa mwaka 1967 na ikafa mwaka 1977. Wazee wanaokumbuka shirika moja la ndege, reli moja, bandari na posta za pamoja wanaizungumzia ile. Idi Amin alipopindua serikali Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na chombo cha juu kabisa, yaani kikao cha marais watatu, hakikukutana tena. Juu ya hilo kulikuwa na manung'uniko kwamba Kenya inafaidika kuliko wenzake, na siasa za uchumi za Dar es Salaam na Nairobi zilikuwa zinavutana.

Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Miaka sita. Namanga ya wakati ule wanaisimulia waliokuwa na ndugu ng'ambo ya kizuizi: harusi zililiwa bila upande mmoja wa ukoo, na waliotaka kuzikana walipita porini usiku. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa makubaliano ya mwaka 1984 yaliyosuluhishwa na Mswisi Victor Umbricht, na ndani ya makubaliano hayohayo ya kugawana vyombo, nchi tatu ziliandika kwamba zitatafuta njia ya kushirikiana tena. Kila nikisoma sehemu hiyo hunigusa.

Mkataba wa 1999 haufichi kilichoua ile ya kwanza. Utangulizi wake unataja wazi: utashi wa kisiasa ulikuwa dhaifu, wananchi na sekta binafsi hawakushirikishwa vya kutosha, na faida hazikugawanywa kwa uwiano.

Nchi inatakiwa iwe na sifa gani ili ipokelewe?

Ziko katika Ibara ya 3. Nchi iukubali Mkataba kama ulivyo. Ifuate utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu na haki ya kijamii. Iwe na cha kuchangia. Iwe jirani wa nchi wanachama na itegemeane nazo. Iwe na uchumi unaoendeshwa na soko, na sera zake za kijamii na kiuchumi ziendane na za wenzake.

Utaratibu wenyewe ni huu: nchi inaandika barua ya maombi, Jumuiya inatuma wataalamu kwenda kuhakiki, taarifa inapita Baraza la Mawaziri, halafu Mkutano wa Wakuu wa Nchi unaamua. Mkutano huo huamua kwa maafikiano, hakuna kupiga kura za wengi wape. Mkuu mmoja akisema hapana, jambo linalala. Somalia iliomba mwaka 2012 na ikasubiri zaidi ya miaka kumi.

Kwa maoni yangu sifa hizi hazipimwi kwa mizani moja. Ujirani unapimwa kwa rula: Sudan ya Khartoum iliomba mwaka 2011 na ikakataliwa, moja ya sababu ikiwa kwamba haikuwa na mpaka na nchi yoyote mwanachama wakati ule. Utawala bora unapimwa kwa huruma kubwa zaidi. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016 ikiwa bado na majeraha mabichi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanaotetea uamuzi huo husema kuwa ndani kunasaidia kutulia kuliko kuachwa nje. Hoja hiyo naielewa, lakini sifa iliyoandikwa ikisamehewa leo, kesho ni vigumu kumdai nayo yule aliyeko ndani tayari.

Ethiopia, Zambia na Malawi je?

Si wanachama. Ethiopia inapakana na Kenya, Sudan Kusini na Somalia, kwa hiyo sharti la ujirani inalo. Zambia na Malawi zinapakana na Tanzania. Wengi huchanganyikiwa Tunduma, mpakani na Zambia, kwa sababu pale na Nakonde ya upande wa pili kuna kituo cha huduma za pamoja kama cha Namanga, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, wakadhani Zambia imo. Kituo cha pamoja ni makubaliano ya nchi mbili kurahisisha njia, hakithibitishi uanachama. Ukivukia Tunduma unaingia nchi iliyo nje ya Jumuiya, na masharti ya mzigo wako yanabadilika.

Zanzibar ni mwanachama kivyake?

Hapana. Mwanachama ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na mambo ya nje ni jambo la Muungano. Zanzibar inawakilishwa ndani ya ujumbe wa Tanzania, na Tume ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Wazanzibari wanaosema kisiwa kinachoishi kwa bandari na biashara kinastahili sauti kubwa zaidi katika mazungumzo ya forodha wana hoja nzito, lakini mlango wa hoja hiyo uko ndani ya Muungano, hauko Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya.

Nchi inaweza kutoka au kufukuzwa?

Yote mawili. Kutoka kumeandikwa Ibara ya 145: bunge la nchi husika lipitishe azimio kwa angalau theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha serikali itoe taarifa ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Ndani ya miezi hiyo wajibu wake wote unaendelea. Ibara zinazofuata zinaruhusu kusimamisha au kufukuza mwanachama anayekiuka misingi, na kutolipa michango kumetajwa humo waziwazi.

Katika Jumuiya hii mpya hakuna nchi iliyowahi kutoka wala kufukuzwa. Michango ndiyo kidonda. Mkataba ulianza na kanuni ya kila nchi kuchangia sawa, na kuna wanachama waliokaa na madeni ya miaka. Fedha zikikosekana, Bunge la Afrika Mashariki linaahirisha vikao na Mahakama inakaa mara chache.

Mbona Tanzania iko SADC pia, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika? Inaruhusiwa?

Inaruhusiwa, na karibu kila mwanachama ana uanachama wa pili. Tanzania iko SADC, na ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Kenya na Uganda ziko COMESA. Kongo iko kote kuwili pamoja na jumuiya ya Afrika ya Kati. Shida inakuja kwenye karatasi: kila umoja una cheti chake cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa ilikozalishwa, na cheti cha mmoja hakikufai kwa mwingine. Ukipeleka mchele Nairobi unahitaji cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiupeleka Lusaka unahitaji kingine.

Kwa hiyo mipaka imefutwa?

Hapana, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Mpaka kati ya Tanzania na Kenya umetokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Walianzia mdomo wa Mto Umba karibu na Vanga, wakapandisha mstari hadi Ziwa Jipe, wakauzungusha kaskazini mwa Kilimanjaro, kisha wakaunyoosha hadi Ziwa Victoria. (Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima haina ushahidi, ingawa inasimuliwa hadi mashuleni.) Mstari ulipasua Wadigo, Wataveta, Wamasai, Wakuria na Wajaluo. Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru, wakihofia kwamba wakianza kuichokonoa hawatamaliza. Mkataba wa Jumuiya haukugusa mstari hata mmoja.

Kilichobadilika ni kinachofanyika pale mstarini. Umoja wa Forodha ulianza tarehe 1 Januari 2005: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya hazilipi ushuru wa forodha, na zinazotoka nje zinakutana na ushuru wa pamoja, ambao tangu Julai 2022 una ngazi nne za asilimia 0, 10, 25 na 35. Soko la Pamoja likafuata tarehe 1 Julai 2010, nalo linahusu watu, wafanyakazi, huduma na mitaji. Hata hivyo askari wa Uhamiaji bado yupo, na ana haki ya kukuuliza. Ndugu zetu walioko Ulaya, ambao wamezoea kupanda basi Ufaransa na kushukia Ubelgiji bila kuonyesha kitu, wakija likizo huku wakadhani ni hivyohivyo hurudishwa dirishani.

Nikifika Namanga kinatokea nini hasa?

Zamani ulishuka mara mbili. Ulipanga foleni upande wa Tanzania ukagongewa muhuri wa kutoka, ukatembea na mizigo yako kwenye vumbi, ukapanga tena upande wa Kenya. Kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 na marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta, kimeifanya kazi ile iwe ya jengo moja: unashuka upande wa nchi unayoingia tu. Ukitoka Arusha, gari linalipita jengo la Tanzania na kusimama la Kenya. Ndani utamkuta ofisa wa Tanzania na wa Kenya madirisha ya jirani. Wa kwanza anakutoa, wa pili anakuingiza. Hatua zako kati yao hazizidi tano.

Kosa la kila siku ni abiria kuruka dirisha la kwanza. Anaona bendera ya Kenya nje, anakimbilia ofisa wa Kenya, anafunguliwa pasipoti, na ofisa anauliza kwa upole: "Muhuri wa kutoka uko wapi?" Anarudi nyuma ya foleni, na dereva wake keshaanza kupiga honi. Kumbuka mpangilio huo: kwanza unatolewa, ndipo unaingizwa.

Mzigo hauendi na wewe kwenye foleni ya watu. Una madirisha yake: forodha, mimea, viwango, na mifugo kama umebeba mnyama au nyama.

Nahitaji pasipoti, au kitambulisho cha taifa kinatosha?

Inategemea unatoka wapi kwenda wapi. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vyao vya taifa. Tanzania haikuingia katika mpango ule. Mtanzania asiye na pasipoti anaweza kuomba Hati ya Dharura ya Safari kwa Uhamiaji, na wengi wanaovuka Namanga au Sirari kwa siku chache huitumia. Mkenya naye ana kibali chake cha muda cha kuombwa kwao kabla ya kuvuka. Pasipoti mpya za kielektroniki zina jina la Jumuiya juu ya jina la nchi, lakini zinatolewa na nchi yako, na uraia ulioandikwa humo ni wa nchi yako. Uraia wa Afrika Mashariki haupo kisheria.

Kwa wanachama wapya, Sudan Kusini, Kongo na Somalia, habari ya visa inakwenda kwa makubaliano ya nchi na nchi. Kuwa ndani ya Jumuiya hakujaondoa kila visa siku ileile. Uliza ubalozi kabla hujakata tiketi.

"Kadi ya njano" ni ipi? Naambiwa nilete, nikileta naambiwa si hiyo.

Pole, ziko mbili. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kitabu kidogo cha mtu. Anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo, aibebe. Ya pili ni bima ya gari inayovuka mipaka, iliyobuniwa na COMESA, na Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa huko. Ofisa wa afya akisema kadi ya njano anamaanisha mkono wako. Ofisa wa barabara akisema neno lilelile anamaanisha gari lako. Niliwahi kumwona dereva wa Fuso akimpa daktari bima, kisha akampa trafiki cheti cha chanjo, na kila mmoja akamrudishia akitikisa kichwa.

Nikiingia naruhusiwa kukaa siku ngapi? Na kufanya kazi je?

Kanuni za Soko la Pamoja zinatoa hadi miezi 6 kwa mgeni raia wa nchi mwanachama, bila ada. Lakini soma ulichoandikiwa. Ofisa akiandika tarehe ya karibu zaidi, tarehe hiyo ndiyo itakayokubana, hata kama kanuni inasema vingine. Kama umeandikiwa chache kuliko unavyohitaji, sema palepale dirishani. Ukishapanda gari umechelewa.

Kutembea na kufanya kazi ni mambo mawili. Kibali cha matembezi hakikupi haki ya ajira. Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano yaliyoliunda, iliachia kila nchi iorodheshe aina za kazi ilizofungua kwa majirani na tarehe ilizozifungua. Orodha ya Tanzania ni fupi kuliko ya Kenya au Rwanda. Mwenye mkataba wa ajira unaozidi siku 90 anaomba kibali cha kazi, na kanuni inaipa mamlaka siku 30 za kujibu. Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada ya kibali hicho. Tanzania bado inatoza, na hilo ni lalamiko la miaka mingi.

Kujiajiri kuna miiba yake. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo uwakala wa pesa za simu, ufundi wa simu, saluni na kuongoza watalii. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inapingana na Soko la Pamoja. Nawaelewa vijana wa Kariakoo walioona nafasi zao zikichukuliwa na wageni wenye mtaji. Hata hivyo Itifaki haimhesabu Mkenya au Mganda kuwa mgeni sawa na mtu kutoka bara jingine, na amri ambayo haikutenganisha imewaumiza watu waliokuwa na haki iliyosainiwa na Tanzania yenyewe.

Naweza kununua shamba upande wa pili?

Usimpe mtu pesa kwa kuamini Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisema wazi kwamba umiliki na matumizi ya ardhi yatafuata sheria za kila nchi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ardhi hairuhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia utaratibu maalumu. Kuandika shamba kwa jina la shemeji ndiko kulikowafilisi wengi.

Nina magunia machache ya vitunguu. Nitatozwa?

Ushuru wa forodha hapana, ukiwa na uthibitisho kwamba vitunguu vimelimwa ndani ya Jumuiya. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa, karatasi moja inayotolewa na forodha palepale mpakani, bila wewe kuhitaji wakala. Mradi bidhaa iwe katika orodha ya zinazotambulika. Mahindi, maharage, vitunguu, nyanya, ndizi, kuku, samaki, mikeka na vikapu ndivyo vinavyopita kila siku.

Cheti hakifuti mengine. Kodi za ndani za nchi unayoingia, kama ya ongezeko la thamani, zinabaki kwa bidhaa zinazotozwa. Mazao yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Na bidhaa isiyo ya kwetu haigeuki kuwa ya kwetu kwa kulala Arusha usiku mmoja: mitumba, simu za China na vitenge vya nje vitakutana na ushuru wa pamoja.

Nieleze kisa. Nilimsindikiza mama mmoja mwenye magunia manane ya maharage katika kituo ambacho sitakitaja. Thamani yake haikufika hata robo ya kiwango. Kijana aliyekuwa dirishani alisema fomu zimekwisha, turudi kesho, au tutafute wakala. Wakala aliyekuwa amesimama karibu mno na dirisha alitaja bei iliyokuwa sawa na faida yote ya mama yule. Tukasema tutasubiri. Usiku ikanyesha, turubai likapeperuka upande mmoja, magunia mawili yakalowa hadi katikati, na asubuhi ukiyaminya yalitoa maji meupe. Fomu zilipatikana saa tatu, kwenye droo ileile. Tangu siku hiyo natembea na nakala tupu za fomu kwenye mfuko wa plastiki, na nawashauri akina mama wafanye hivyohivyo, wakiwa na kikundi chao. Kikundi kikisimama dirishani, droo hufunguka mapema.

Kama ushuru ni sifuri, mbona mahindi huzuiwa na vifaranga huchomwa?

Kwa sababu ushuru ni kizuizi kimoja tu. Vingine vinaitwa vikwazo visivyo vya kiforodha: viwango, vibali, afya ya mimea na wanyama, vizuizi vya barabarani, na mara nyingine hasira za kisiasa zilizovishwa koti la afya.

Oktoba 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, hapa hapa Namanga, kwa maelezo ya kuzuia magonjwa. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Marufuku ile iliondolewa baada ya siku chache kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua, na mahindi yaliyoanikwa vibaya hayafai kwa mtoto wa nchi yoyote. Tatizo lilikuwa namna: malori yalikuwa tayari yamejipanga barabarani na habari ikafika ghafla. Mei ya mwaka uleule Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, na vikwazo vya biashara vilikuwa miongoni mwa mazungumzo makuu.

Mzigo wako ukikwama kwa namna hiyo, toa taarifa kwa kamati ya taifa ya kufuatilia vikwazo hivyo. Kila nchi inayo, na lalamiko lenye namba ya gari, tarehe na jina la kituo lina uzito kuliko kelele.

Nchi mbili zikigombana, mpaka unafungwa?

Hufungwa, na Jumuiya mara nyingi hubaki kubembeleza. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, ikiituhumu kusaidia waasi, tuhuma ambayo Kigali iliikana. Mashariki mwa Kongo kikosi cha Jumuiya kilipelekwa Novemba 2022, na Desemba 2023 kikaondoka baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Mama wa Goma aliyezoea kuvuka asubuhi na beseni la mboga kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na kurudi jioni ndiye aliyehisi haya yote kabla ya mwanadiplomasia yeyote.

Mkataba unazitaka nchi zitatue migogoro kwa amani, lakini hauna mkono wa kumlazimisha rais kufungua lango. Huu ndio udhaifu wake mkubwa kuliko wote, na nausema kwa uchungu kwa sababu naipenda Jumuiya hii.

Nikinyimwa haki yangu mpakani, nishitaki wapi?

Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mtu binafsi mkazi wa nchi mwanachama anaruhusiwa kuishitaki serikali, hata yake mwenyewe, bila kwanza kumaliza mahakama za nyumbani. Sharti linalowaangusha wengi ni muda: miezi miwili tangu kitendo kutokea au tangu ulipokijua. Ukipitisha, umekosa.

Inafanya kazi. Mwaka 2011 wakili Mkenya alizuiwa uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa bila kupewa sababu. Alifungua kesi, na mwaka 2013 Mahakama ikaamua kwamba Uganda ilivunja haki zake. Nchi inabaki na mamlaka ya kukataa mtu, ila raia wa nchi mwanachama hafukuzwi kama inzi: anapewa sababu na nafasi ya kujibu.

Sarafu moja na nchi moja lini?

Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013 ikilenga mwaka 2024. Lengo limesogezwa hadi 2031. Shirikisho la kisiasa ndilo hatua ya mwisho katika Mkataba. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubaliana kupitia kwanza muungano wa nchi ambamo kila nchi inabaki na mamlaka yake. Usikatae shilingi yako leo.

Kwa nini nisipite njia ya panya tu? Ni karibu, na wote wanapita.

Najua zilipo, na najua kwamba wengi hupita kwa kuogopa dirisha tu, wala hawana la kuficha. Lakini kinachokulinda mpakani ni muhuri na ile karatasi moja. Ukikamatwa ng'ambo bila muhuri, haki zote nilizozieleza humu hazina pa kushikia: hukuingia, kwa hiyo huwezi kusema umenyimwa kukaa. Mzigo usio na cheti unahesabiwa wa magendo hata kama maharage yamelimwa kijijini kwako. Na anayekuvusha hukutoza kwenda na kurudi, mara nyingi zaidi ya gharama ya Hati ya Dharura.

Namanga iko wazi saa 24. Vituo vidogo hufunga jioni, kwa hiyo ukipanga kuvukia kwingine, piga simu uulize saa kabla hujapakia.